Kundi la Nne na Mashine ya Mzee Isaka

Mwalimu Severina alikuwa mtu wa utaratibu. Nyumbani kwake Lisekese hata majembe yaliegemezwa ukutani kwa kufuata urefu. Kwa hiyo mkuu wa shule alipomtaka awasimamie wanafunzi wa kidato cha pili watengeneze podikasti, yaani vipindi vifupi vya sauti kuhusu kazi za watu wa kwao, hakuuliza podikasti inatengenezwaje. Aliuliza mwisho lini.

Akafunga kamba ukutani mwa darasa, kutoka dirishani hadi mlangoni, akaigawa kwa karatasi tano: Mada, Maswali, Kurekodi, Kuhariri, Tayari. Makundi yalikuwa saba, na kila moja lilipewa kibanio cha nguo chenye namba. Kundi likimaliza hatua, linasogeza kibanio. Simu ya kurekodia ilikuwa moja, ya Severina mwenyewe, na haikutoka mkononi mwake bila mtu kusaini daftari kama anayekabidhiwa bunduki.

Wiki ya tatu alikwenda Newala kwenye semina ya siku tatu. Aliporudi, alikuta vibanio sita vimefika Tayari. Moyo ukamjaa furaha, mpaka alipokumbuka kwamba simu alikuwa nayo yeye Newala. Akaomba kusikiliza kazi ya kundi la kwanza. Ashiru, kiongozi wao, akasimama na kueleza kwa adabu kwamba wao wako tayari kuanza. Kundi la pili nao walikuwa tayari kwa maana hiyohiyo. Kundi la tano walisema chao kilisogezwa na upepo.

Kibanio kimoja tu hakikufika mbele. Cha kundi la nne kilikuwa kimerudi nyuma, kutoka Kurekodi hadi Maswali. Severina, ambaye hasira yake ilikuwa bado inatafuta pa kutua, akamwita kiongozi wao, Upendo. Binti akaeleza kwamba kabla ya semina walimrekodi Mzee Isaka mara tatu na hakujibu swali hata moja, ndiyo maana wamerudi kuandika maswali upya. Severina akaona huo ni uvivu uliovalishwa nguo nzuri. Akasema Jumamosi atakwenda mwenyewe.

Mzee Isaka alikuwa fundi wa mashine za kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, pale Chiungutwa. Mwezi wa saba, msimu wa kupulizia, ulikuwa umeingia, na ua wake ulijaa mashine za watu. Severina alishuka kwenye bodaboda, akawakuta Upendo na mwenzake Yassini wakimsubiri.

"Shikamoo, Baba Cecilia," Severina akamwamkia mzee.

"Marahaba, Mwalimu. Umeleta mashine?"

Severina akasema ameleta maswali. Akawasha simu, akauliza la kwanza: kazi hii aliianzaje? Mzee akafikiri, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nilianza hivi," akasema, akavuta kamba.

Mashine ikanguruma. Kuku wakatawanyika. Mzee akaendelea kueleza kwa vidole, huku akionyesha hiki na kile, uso umejaa nuru. Swali la pili, kuhusu ubovu wa kawaida, alilijibu kwa kuwasha mashine nyingine, iliyokuwa na ubovu huo. Hakuwa mchoyo wa majibu hata kidogo, ila aliona mashine inajieleza vizuri kuliko yeye. Severina akapaza sauti ile inayonyamazisha watoto hamsini. Haikufika hata kwenye silensa ya mashine.

Waliposikiliza walichorekodi, kulikuwa na dakika kumi na moja za mngurumo, na katikati yake sauti ya mwalimu ikilia kwa mbali: Baba Cecilia, tunaomba maneno. Upendo alikuwa anatazama chini kwa heshima.

"Nilidhani mnategea," Severina akasema. "Nisameheni."

Yassini ndiye aliyepata njia. Akamwomba mzee awaonyeshe tangi moja la petroli linadumu muda gani. Mzee akafurahi mno, akawasha mashine. Wakakaa kwenye benchi, mkewe Magdalena akawaletea muhogo wa kuchemsha, nao wakala katika kelele hiyo mpaka mashine ikakohoa, ikazima. Mzee akalishika dumu la petroli, tupu. Akafungua matangi ya mashine za wateja, yote makavu; wateja wa Chiungutwa hawapeleki mashine kwa fundi ikiwa na petroli. Akabaki na kamba mkononi, halafu akakaa.

Upendo akabonyeza simu bila kuuliza kitu.

Mzee akaanza kusema, taratibu. Alikuwa na miaka kumi na saba alipoifungua mashine ya baba yake bila ruhusa. Alikaa siku tatu kuirudisha. Ilipowaka, skrubu mbili zilikuwa zimebaki mkononi.

"Baba aliitumia miaka tisa," akasema. "Mpaka amekufa sikumwambia. Na mpaka leo sijui zilikuwa za wapi."

Siku ya wazazi kipindi kilipigwa kwenye spika. Kundi la nne walikuwa wameacha nusu dakika ya mngurumo mwanzoni, kama salamu. Baba Rose, mwenye mikorosho mingi, akanyoosha mkono, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akatamka kwamba plagi ya mashine hiyo ni chafu. Mwingine akasema si plagi, ni oili imezidi, na ubishi huo ukawa mrefu kuliko kipindi chenyewe. Mzee Isaka, mstari wa mbele, aliwasikiliza wote akiwa ameinamisha kichwa kama mgonjwa mbele ya madaktari wawili. Kipindi kikaendelea hadi habari ya skrubu. Magdalena akamgeukia mumewe, akamtazama muda mrefu, halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Severina aliwapa kundi la nne alama thelathini na sita kati ya arobaini. Jumatatu Upendo akaja ofisini, akaamkia, akauliza nne zimekwenda wapi. Severina akajibu kwamba zimekatwa kwa kuchelewa. Kisha akakumbuka zile dakika kumi na moja za mngurumo alizorekodi mwenyewe, akachukua kalamu, akaongeza mbili.