Rungu Katika Darasa la Anga

Nkasiogi wa Terrat hakuwa mtu wa kusahau. Utotoni alimnunia mbuzi msimu mzima kwa kumtafunia kandambili. Siku mbuzi alipochinjwa, aliomba ini.

Chuoni, upande wa Usa River, alisoma sheria. Mwaka wa tatu aliomba kuanzisha kozi ya sera ya anga za juu, ifundishwe na wanafunzi wenyewe: setilaiti ni za nani, na zikianguka nani anawajibika. Mhadhiri wake, Daktari Yiamat, alilisoma ombi hilo kwa sauti mbele ya darasa.

"Binti, Terrat maji hayajafika, wewe unagawa mwezi?"

Darasa likaangua kicheko. Nkasiogi naye akacheka, kwa adabu, akaweka akiba.

Uongozi wa chuo uliikubali kozi hata hivyo. Kanuni yake kuu Nkasiogi aliitoa kwenye vikao vya wazee wa Kiarusha: anayesema hushika rungu. Yeye akaongeza lake: aliyelishika hakai, hata akilikabidhi kwa mwingine, mpaka maswali yaishe, au aseme "sijui." Krunal, mwanafunzi ambaye kwao wanauza mabati mjini, alilisema neno hilo kwa raha kama anayeagiza chai.

Ukumbi ukaanza kujaa. Ndipo likabandikwa bango la siku ya wageni, na chini yake: Mwanzilishi wa kozi, Dk. Yiamat.

"Utamfanyaje?" Krunal aliuliza.

"Nitampa heshima yake yote."

Siku ikafika. Nkasiogi aliwaeleza wageni kanuni ya rungu, kisha akainama. "Shikamoo, Mwalimu. Mwanzilishi ndiye anayetangulia." Akamkabidhi rungu kwa mikono miwili. Yiamat naye ni Mwarusha. Kulitupa rungu mbele ya watu, afadhali avue suruali.

Hotuba ilikuwa tamu. Makofi yakapigwa.

"Swali dogo, Mwalimu," Nkasiogi akasema. "Kipande cha setilaiti ya nchi nyingine kikiangukia mahindi ya mama yangu, nani anamlipa?"

"Hilo linategemea."

"Linategemea nini, Mwalimu?"

"Mazingira."

"Mazingira ni mahindi," Krunal akadokeza.

Neno moja tu lingemkalisha, na wote walilijua. Daktari akajaribu halmashauri, akajaribu Umoja wa Mataifa, akafika mpaka bima ya mazao. Kila jibu liliinua mikono mipya. Chai ya wageni ikapoa na kufanya utando.

"Muulizeni huyu!" alifoka mwishowe. "Kozi ni yake, si yangu!"

Nkasiogi akalipokea rungu, kwa mikono miwili tena.

"Nchi iliyorusha ndiyo inayolipa," akawaambia wageni, "hata kama haikufanya uzembe."

Yiamat akajipangusa jasho, akanyoosha mkono kukivuta kiti.

"Bado, Mwalimu," Nkasiogi akasema kwa upole. "Lile neno hujalisema."

Akageukia ubao, akaanza somo. Nyuma yake hakusikia kiti kikiburutwa.