Yasini ya Kitatange

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. La, Mzee Bwanaheri anayesimulia anajikosoa, ulikuwa mwaka uliofuata, maana mwaka wa mafuriko wenyewe pale Mbwera hapakuwa na pakavu pa kuweka hata ndoo. Mwanamke anayeuguza samaki wa mapambo alikuwa barazani kwake, mbele ya tangi la wagonjwa. Kila kitu hukigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa: kioo, maji, hata kikombe cha chai. Sauti yake haipandi. Vitatange, wale samaki bapa wa rangirangi, wote walikufa akawafukia mchangani, amebaki mmoja, kajaa chawa. Alimchota kwa viganja vilivyochujuka kwa chumvi, akamtia kwenye karai la maji ya mvua. Samaki wa baharini! Akalala ubavu, na mwanamke akaanza kusoma Yasini.

Bwanaheri, aliyekuwa amekaa naye barazani, alishika kichwa. “Lahaula! Mwanangu, umemuua, sasa unamsomea?”

Mwanamke alimalizia kwanza aya yake. “Simu ya kunihesabia dakika haina chaji, babu, napima kwa Yasini. Nikifika mubini ya tatu, lile neno linalorudi surani mara saba, namtoa. Chawa ndio wasioyaweza maji haya.” Akaendelea, na chawa wakadondoka kama chenga za mchele. Kwenye mubini ya pili matamvua ya samaki, anayopumulia, yakaacha kupwita. Sauti ikamkatika. Akamrudisha kitatange kwenye maji ya chumvi, akamshikilia hapo mpaka mkia ukampiga kiganja.

Bwanaheri akauliza jambo ambalo hata shehe wa Utete hajamjibu: “Angekata roho pale, mwanangu, hiyo Yasini ingekuwa ya mgonjwa au ya maiti?”