Nilivyokwenda Puge Kumchunguza Mtu

Kazi yangu ni kukagua tiketi kwenye treni, na kazi hiyo imeniharibu. Abiria akinisalimia kwa uchangamfu mno, najua hana tiketi. Akijifanya amelala, vilevile hana. Kwa hiyo mama yangu alipotoka hospitali ya Kitete, upande mmoja umepooza na hawezi kusema neno, sikuwa na raha ya kumwachia mtu yeyote. Lakini treni hainingoji, na ndugu zangu ni mabingwa wa kutoa ushauri kwa simu.

Watu wa kanisani wakaniletea mwanamke kutoka Puge, mtu mzima, mjane. Alikuja na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema ana tabia njema. Barua za namna hiyo nazijua. Hata fisi akijifunga kanga ataandikiwa.

Haukupita muda nikaanza kuona mambo. Bakuli la uji lilirudi jikoni tupu, na mama anazidi kukonda. Kisha siku moja nilirudi mapema, nikasikia sauti ya yule mwanamke dirishani: "Fungua mdomo, mchawi mkubwa we! Unamringia nani?"

Damu ilinichemka. Lakini mkaguzi hapigi kelele kabla hajashika ushahidi. Siku yangu ya mapumziko nikapanda basi la Nzega, nikashuka Puge.

Mtendaji alirudia maneno ya barua yake. Jirani mmoja alisema yule ni mtu wa watu, ila hakunitazama usoni, nami nikaliweka hilo akilini. Mwisho nikamwuliza fundi baiskeli pale barabarani. Hakuinua hata kichwa.

"Yule? Mama mkwe wake alikufa kwa njaa mikononi mwake. Kaburi nilichimba mimi. Kama una mama, dada yangu, mfiche."

Alisema bila hata kutabasamu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naomba nimkute mama hai.

Nilimkuta mwanamke uani anapepeta mchele. Kwa mara ya kwanza sikumwamkia.

"Fundi baiskeli wa kwenu amenieleza yote. Ulimuua mama mkwe wako kwa njaa."

Akaweka ungo chini. Nilingoja akane. Badala yake akacheka, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, yule ni mtani wangu. Kwao na kwetu tunatukanana na kuzikana. Angenisifia, hapo ndipo ungeogopa."

"Kwa hiyo ni uongo?"

Kicheko kikamwisha.

"Si uongo wote. Bibi yule aligoma kula, kama anavyotaka kugoma mama yako. Vijiko viwili vitatu, huyu anafunga mdomo. Unaobaki naunywa mimi, ningemwaga uji wa watu? Yule nilimbembeleza kwa adabu zote, maana mama mkwe hataniwi. Akafa. Huyu wako, namshukuru Mungu, ni Mzaramo."

Ni kweli. Mama ni wa Kisarawe, alimfuata baba huku kwa treni, na Wazaramo na Wanyamwezi, kabila la mwanamke huyu, ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi kwenda pwani. Zamani wauza mchele wa sokoni walikuwa wakimtukana, naye akiwatukana, akirudi nyumbani amechangamka. Tangu augue hakuna aliyethubutu. Sote tulikuwa tunamnong'oneza kana kwamba tumekaa matanga yake.

Hata hivyo sikumwamini. Maneno mazuri nayasikia kila siku kwenye behewa. Nikamwambia alete uji, amlishe mbele yangu, nami nikasimama mlangoni nikikikodolea macho kijiko. Akishindwa tu, niliapa, atalala stendi.

Akaketi kando ya kitanda.

"Haya, mchawi wa Kisarawe. Goma tu. Ukifa leo, kanga zako zote navaa mimi, na huko makaburini nitakwenda kucheza ngoma."

Upande mmoja wa uso wa mama ukavutika juu. Sikuwa nimeuona ukicheka tangu Kitete. Akafungua mdomo. Kijiko kikaingia, kikafuata kingine, na kingine.

Kisha mama akaniona pale mlangoni. Akainua mkono wake mzima, akanipungia kwa vidole, kama anavyofukuza kuku jikoni.