Swali kwenye Chumba Kisicho na Mtu

Nina duka dogo la video nyuma ya soko, hapa Tabora. Narekodi harusi, maulidi, mahafali, komunio ya kwanza, chochote ambacho watu wanataka kukiona tena. Mtaani wanasema nina hasira za karibu. Wananisingizia. Watu siwakasirikii, nazikasirikia mashine, na sababu ninazo.

Shangazi yangu alikuwa anahamia Kaliua kwa binti yake. Alishafunga mabegi, godoro, masufuria, hata madumu mawili ya asali, tukamcheka mpaka machozi, maana Kaliua asali imejaa tele. Kilibaki kitu kimoja: video ya harusi ya huyo binti, niliyoirekodi mwenyewe nikiwa bado najifunza kazi. Ndani yake kuna kipande ambacho marehemu mume wa shangazi anamuusia binti yao. Sauti ya yule mzee haikuwa imebaki mahali pengine popote. Na video nzima, ikiwa vipande vipande, ilikuwa kwenye diski moja kuukuu iliyokwisha kuanza kukoroma.

"Mwanangu, nataka niondoke naye," aliniambia. "Vingine vyote nitanunua hukohuko."

Asubuhi nikaunganisha diski, nikachomeka flashi mpya, nikaiagiza kompyuta inakili kila kitu. Nikafunga duka nikaenda kumsaidia kufunga mizigo. Kwake siku zile hapakuwa na huzuni hata kidogo. Majirani walipika pilau, na kila aliyekuja kuaga alijifanya bingwa wa kufunga kamba, akafungua alichofunga mwenzake. Nilikula, nikacheka, nikajinyoosha kidogo jamvini, roho kwatu, nikijua kazi inaendelea.

Kumbe wapi. Niliporudi alasiri nilikuta kompyuta imenakili vipande vichache tu. Ilikuwa imefika kwenye kimoja kisichosomeka, ikaweka kisanduku katikati ya skrini: Jaribu tena? Ruka? Ghairi? Halafu ikakaa kimya kusubiri jibu. Ilimuuliza nani? Kiti? Pangaboi? Niliiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Vipande vizima vilivyofuata vingeweza kunakiliwa vyote wakati mimi nakula, lakini vilizuiliwa na kimoja kibovu kilichovitangulia.

Kesho yake nikatumia programu nyingine, ambayo watu walikuwa wamenisifia sana. Hiyo haikuuliza kitu. Nilirudi nikakuta imeandika kwa majigambo: Imekamilika. Nikampigia simu shangazi, akaja mbio amejitanda kanga mpya kama anakwenda kupokea mgeni. Nikafungua kipande cha mumewe. Ikaonekana kofia, ukaonekana na uso kidogo, halafu picha ikaganda. Programu ilishindwa katikati, ikaacha nusu ya faili yenye jina kamili, wala haikusema neno. Shangazi akaikodolea macho ile kofia. Niliumia. Ile ya kwanza ilinikera tu. Hii ilinidanganya, tena mbele ya shangazi yangu.

Nilidhani atalia. Badala yake akaniuliza ya jana ilikuwaje, nikamweleza ilivyosimama na swali lake kutwa nzima. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Kwani haikufunzwa hodi?" akasema. "Ukifika kwa mtu unabisha hodi mara tatu. Kimya? Unaondoka zako, unakwenda kwenye shughuli zako, na ukirudi unapita tena. Hugandi mlangoni mpaka magharibi!" Akaigeukia skrini. "Na wewe wa leo ndio umezidi. Mtu hukumkuta, halafu unatuambia mmesalimiana."

Nikacheka na mimi, kisha nikachangamka kweli, kwa sababu alikuwa ameniambia nitafute programu ya namna gani. Niliipata jioni ileile, nikaipanga sawasawa. Maswali yote iulize mwanzoni, kabla sijatoka. Kipande kikigoma, ijaribu mara tatu, kisha ipite. Isiache faili nusu likajifanya zima. Ikimaliza vinavyosomeka, irudi kwa vilivyogoma, maana diski nayo huchoka ikapata moto, na ikipumzishwa huweza kubadili moyo. Mwisho iseme bila kuficha ni kipi kimekosekana. Isimame pale tu ambapo kuendelea ni kazi bure, kama flashi imejaa au diski imechomoka.

Siku moja kabla ya treni ya shangazi nikaiacha ifanye kazi nikaenda kula pilau la mwisho. Safari hii sahani niliiacha nusu. Kila aliyetaja Kaliua alinishtua. Shangazi aliona, akanishika mkono, tukatembea wote mpaka dukani.

Skrini ilikuwa na maandishi machache: vyote vimenakiliwa, isipokuwa kimoja. Nikasoma jina la hicho kimoja, nikalisoma tena. Kilikuwa kipande cha wageni wakinawa mikono.

"Waache wanawe," shangazi akasema. "Na yeye?"

Yeye alikuwepo. Kipande chake kiligoma mara tatu, kikapitwa, na diski ilipotulia programu ikakirudia, ikakipata kizima. Nilipiga kigelegele humo ndani mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia kuuliza nani anaolewa.

Nikakifungua. Mzee alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na kwa kuzoea kubana pini midomoni alikuwa anasema kwa upande mmoja wa mdomo, hata siku ambayo hana pini. Ndivyo alivyomuusia binti yake: maneno matamu, nusu yake hayasikiki. Shangazi alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Macho yalikuwa yamejaa maji, naye anatabasamu mpaka mwisho wa mashavu.

"Toa pini mdomoni, bwana," akamwambia. "Sema vizuri. Kesho tunasafiri."