Ufunguo wa Chuo Ulikaa Mfukoni Mwangu

Walisema sitaweza. Pale kwetu Buwenge walicheka waziwazi kwamba mtoto wa fundi baiskeli akienda Nairobi atarudi na suti ya mitumba na kikohozi. Nilirudi na diploma ya kompyuta, nikafungua ofisi ya kuchapa barua mjini Jinja, jina langu limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Niliweza, na hilo silifichi hata leo. Lakini kiburi cha kuweza kilinifanya nimharibie binti wa watu maisha. Kosa ni langu, simsingizii mtu.

Chuo kimoja cha manesi huko Mbale kiliniajiri nitunze kompyuta yao. Ilikuwa ya zamani, kioo cheusi na herufi za kijani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila aliyeingia chumbani humo alivua viatu mlangoni. Matokeo yote ya wanafunzi yalikuwa ndani ya programu iliyozeeka kuliko mashine yenyewe. Walioitengeneza walikwisha kufunga kampuni yao.

Programu ile haikufunguka mpaka uingize disketi yake maalumu. Tuliiita ufunguo. Ilikuwa moja tu, haikukubali kunakiliwa, na ilikaa kwenye mfuko wa koti langu.

Jamani, nilivyoipenda disketi ile! Nikishuka Mbale walimu waliambiana, "Bwana Diploma amefika," na kazi zilizolala wiki nzima zikaamka. Nilitengewa kiti. Nilichinjiwa kuku.

Baadaye wafadhili wakaleta kompyuta mpya. Mkuu wa chuo, Mama Kakai, akaniomba nihamishie matokeo humo. Nilijua namna ya kufanya, na haikuwa kazi kubwa. Nikamwambia mashine mpya zina virusi, zitakula kila kitu. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Mashine mpya ikabaki ya kuchapia kadi za Krismasi.

Nilichoogopa ni hiki: kila mtu akiweza kufungua, mimi nitaitwa kufanya nini? Na kibaya zaidi, nilishawashauri wachome karatasi za alama, kwa kuwa zilijaza kabati, nao wakazichoma.

Basi Nambozo, msichana aliyemaliza pale na niliyemjua kwa sura, akaitwa kazini katika hospitali kubwa Kampala. Alitakiwa apeleke matokeo yaliyochapwa na kugongwa muhuri kabla ya Jumatano. Mama Kakai akapiga simu kwenye duka la jirani yangu Jinja. Ujumbe ulinikuta harusini Wanyange, Jumamosi, natoa hotuba. Nikajibu wangoje Jumatatu. Kusema kweli, nilipenda kungojewa.

Siku ile kulikuwa na joto. Nilivua koti nikalitundika juu ya spika kubwa ya muziki, likakaa hapo mpaka jioni. Mimi mwenyewe huwa nawafundisha watu kwamba sumaku inaua disketi, na spika ina sumaku ya kutosha!

Jumatatu niliingiza disketi mbele ya Mama Kakai. Mashine ikakoroma, ikaandika kwamba haioni ufunguo. Nikaifuta kwa leso, nikarudia. Nikazima, nikawasha. Nikasema ni umeme wa Mbale. Kesho yake nikasema tena ni umeme.

Baba yake Nambozo, sajini wa magereza, alikuwa ameketi kwenye benchi nje, miguu mitupu, viatu vyake vimepangwa mlangoni. Nilipotoka akaniuliza kwa upole, "Bwana, matokeo ya mtoto yangu iko ndani?"

"Iko, afande."

"Na kufungua, ni wewe peke yako?"

Nikakubali.

"Mimi pia nafunga watu, bwana. Lakini wale, jaji ametuma. Huyu mtoto, nani alimhukumu?"

Nilirudi ndani nikamwambia Mama Kakai ukweli wote, wa harusi na wa virusi. Hakunitukana. Alifungua mlango akangoja nitoke.

Nilikopa kwa shemeji, nikakopa kwa kikundi cha kanisa, nikakopa kwa Hajji muuza vitambaa aliyepakana na ofisi yangu. Nikamleta fundi kutoka Nairobi. Aliivunja kufuli ya programu, tukahamisha matokeo yote kwenye kompyuta mpya, na nakala nikampa Mama Kakai na karani wake. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Nafasi ya Kampala alishapewa mtu mwingine, na muda si mrefu serikali ikasimamisha kuajiri.

Wewe unayetunza mashine kuukuu ya ofisi ya watu, kama unaiacha izeeke ili wakuhitaji, acha leo. Fundisha mwenzako kabla hujaenda harusini. Na ninyi wakubwa, msimwamini mtu kwa sababu ya cheti chake, mwambieni awaonyeshe kazi yenyewe.

Nililipa polepole, kwa barua za watu na kadi za harusi. Wa mwisho alikuwa Hajji. Alipokea, akaniagizia chai, akasema sasa naweza kutembea Jinja kifua mbele, sidaiwi na mtu. Nikaitikia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka Nkoma, mtaa mmoja wa Mbale, kununua panadoli katika duka la dawa. Aliyenihudumia ni Nambozo, amevaa aproni aliyopewa na mwenye duka. Alinihesabia chenji, akaniita bwana, akamgeukia mteja mwingine.