Jumamosi Mama Alipochambua Njahi kwa Mzee Kaberia

Ninyi wenzangu mliokunywa maziwa ya shule katika zile pakiti za pembe tatu, hamtahitaji kuelezwa mengi. Mnakumbuka jinsi tulivyotoka nyumbani alfajiri, miguu mitupu juu ya umande, kila mtoto na kigaloni chake cha maji ya kunyunyizia darasa lisilo na sakafu. Ijumaa tulibeba mavi ya ng'ombe tukasiriba kwa mikono yetu wenyewe, huku tukiimba. Nilipowasimulia wanangu jambo hilo wakiwa mezani, waliniomba nisubiri wamalize kula.

Kwetu ni kule juu ya Kianjai, mahali ambapo ukigeuka unaiona milima ya Nyambene imevaa mawingu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa, kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za migomba, tukaruka kamba mpaka vumbi likatukausha koo, tukachoma viazi vitamu kwenye majivu na kuvila na maganda yake. Rafiki yangu wa kufa kuzikana alikuwa Nkatha, binti wa jirani yetu Mzee Kaberia. Kati ya boma lao na letu palikuwa na ua wa miti tu, na ua huo tulikuwa tumeutoboa tundu kwa kupita mara nyingi. Moto wetu ukizimika nilipita hapo na kigae kuomba makaa kwao. Chumvi yao ikiisha, Nkatha alipita hapo hapo na kikombe.

Mama yangu alikuwa mwanamke mfupi, mpole, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima katika darasa la jioni. Kitabu alichokisoma kilikuwa kimoja tu, Biblia ya Kimeru, na alikisoma kwa kidole. Kila Alhamisi mchana yeye na akina mama wenzake wa kanisani walizunguka maboma na kibuyu cha uji wa wimbi. Waliimba, wakaomba, wakauliza nani mgonjwa, wakanywa uji na wenye boma, wakaenda zao. Boma moja tu lilikuwa limewakataa, nalo lilikuwa la Mzee Kaberia.

"Nendeni mkawahubirie ng'ombe," aliwaambia mara ya mwisho, akiwa ameshika kamba ya mbwa. "Wao ndio hawajui mema na mabaya."

Mama alicheka akamtakia mchana mwema. Hakuna aliyekasirika. Zilikuwa siku za amani bado.

Mambo yaliharibika wapima ardhi walipofika. Walivuta minyororo yao, wakapigilia vigingi, na walipoondoka mpaka ulikuwa umesogea upande wetu hatua kama kumi. Ndani ya hatua hizo kumi palikuwa na miti mitano ya miraa, mikubwa, aliyoipanda babu yangu kabla Baba hajatahiriwa. Baba alisema ardhi waichukue wakitaka, lakini miti ni ya aliyeipanda. Mzee Kaberia alisema hajawahi kuona mti usiosimama juu ya ardhi.

Tundu la ua lilizibwa kwa miiba. Mimi na Nkatha tulikatazwa kusemezana, na kwa kuwa tuliketi dawati moja shuleni, tulijifunza kukaa kila mmoja akiutazama ukuta wake. Nakumbuka nilimwazima kifutio bila kumtazama usoni, naye akakirudisha vivyo hivyo. Tulikuwa na miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi hajui kuchukia kwa bidii, lakini anajua kutii.

Kisha ikaja Jumanne moja wakati wa kiangazi. Kaka yangu Mwiti, kijana wa miaka kumi na tisa, alikwenda kuchuma miraa kwenye ile miti kana kwamba hakuna kilichobadilika. Akiwa juu ya mti, Kirimi, mwana wa kwanza wa Mzee Kaberia, alifika chini akamwamuru ashuke. Walirushiana maneno. Mwiti alishuka akamsukuma. Kirimi alikuwa na panga mkononi, ametoka kukata nyasi za ng'ombe, na Mwiti alipoinua mkono kujikinga, vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki pale chini ya miti ya babu.

Nilimwona akija mbio akiwa ameshika kiganja chake kwa mkono mwingine, damu ikichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakulia, ila alikuwa akisema neno moja tu, "Mama, Mama, Mama," kama mtoto mchanga. Mama alivua kitambaa chake cha kichwa akaufunga mkono ule, kisha wakampeleka hospitali ya misheni.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikupumua. Ndugu wawili wa Baba walihamia kwetu na wana wao. Waliketi uani wakitafuna miraa na kusema kwa sauti za chini, na sisi watoto tulipopita walinyamaza. Baba alikataa habari zipelekwe kituo cha polisi. Alisema jambo hili ni la boma na boma. Mchana kutwa nilisikia chuma kikisuguliwa kwenye jiwe la kunolea, krr, krr, krr, na hata leo nikisikia mchinjaji akinoa kisu chake sokoni, nabadilisha njia.

Jumamosi asubuhi baba yangu mdogo, aliyekuwa mkali kuliko wote, aliongea kwa sauti bila kujali nani anasikia. "Leo tukishakula chakula cha mchana, tunavuka. Vidole vya Kirimi vitaanza kuhesabiwa, na hatutaishia kwenye viwili."

Mama alikuwa jikoni. Alisimama kidogo, akafuta mikono kwenye nguo yake. Kisha alijaza uji kwenye kibuyu, akachota njahi, zile kunde nyeusi za kwetu, kwenye gunia akazimimina kwenye ungo, akanishika mkono. Tulipita katikati ya wanaume wale hadi mbele ya Baba.

"Baba Mwiti," alisema, "mimi nakwenda kwa Mama Kirimi. Nitakaa huko mpaka jioni."

Baba alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Kufanya nini?"

"Kuchambua njahi."

"Ukivuka ua huo leo," Baba alisema polepole, "usirudi kwangu."

Nilihisi vidole vya Mama vikinibana. Tulitembea. Alipofika kwenye ile miiba aliisogeza kwa mguu, ikamchubua, tukapita.

Mzee Kaberia alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake na mkuki umeegemea ukuta. Alisimama upesi. "Nani amekutuma?"

"Si Baba Mwiti," Mama alisema. "Amenikataza. Naomba kiti, mzee. Wanakuja mchana, na wakija nataka wanikute hapa."

Mama Kirimi alitokea mlangoni, macho yamevimba. Kisha alileta vigoda viwili, akaviweka karibu karibu, akaketi kimoja na Mama akaketi kingine. Waliweka ungo magotini, nusu kwa huyu nusu kwa huyu, wakaanza kutoa mawe na njahi zilizooza. Nkatha aliletwa nje akaketi kando yangu. Tulipewa uji. Niliunywa nikiutazama ua.

"Kirimi yuko ndani," Mzee Kaberia alisema baadaye. "Nilitaka atorokee Kangeta kwa wajomba zake."

"Akitoroka watamfuata, au watachoma nyumba hii," Mama alijibu. "Akae."

Halafu aliomba. Ningependa kuwaambia kwamba aliomba kwa sauti ya ujasiri, kama wale wahubiri wa siku hizi wenye vipaza sauti vya kuamsha kijiji kizima. Hapana. Sauti yake ilitetemeka, na njahi zilimponyoka zikadunda chini, naye akawa anaziokota huku akiomba. Alimwombea Mwiti apone, akamwombea Kirimi kwa jina lake, akawaombea wale waliokuwa wakinoa mapanga. Mama Kirimi alilia. Mzee Kaberia alitazama kwingine.

Walikuja jua likiwa utosini. Niliwahesabu, walikuwa saba, Baba mbele. Walipita mle mle tulimopita. Mbwa alibweka, kisha akarudi nyuma. Mzee Kaberia aliuchukua mkuki wake. Nkatha alinishika nguo, na mimi nikamshika yake.

Baba aliona ungo kwanza, kisha akamwona Mama, kisha mimi.

"Ondoka hapo, Mama Mwiti," baba mdogo alisema.

"Siondoki, shemeji." Mama hakuinuka. Mikono yake ilikuwa bado kwenye njahi. "Mwiti nilimzaa mimi. Vidole vile vilikua tumboni mwangu. Kama kuna mtu wa kudai cha kulipizwa, ni mimi na baba yake, na mimi nimesema mbele ya Mungu kwamba sidai. Mkitaka kuingia mle ndani, mpite juu yangu na juu ya binti yetu Kendi."

"Unamleta mtoto kwenye vita?" Baba alifoka.

"Vita umeleta wewe. Mimi nimeleta njahi."

Ndipo mlango ukafunguka, Kirimi akatoka. Mama yake alipiga ukelele. Alikuwa mrefu, uso umesawijika kwa siku nne za kujificha, na mikono yake ilikuwa mitupu. Alitembea mpaka mbele ya Baba akapiga magoti.

"Sikukusudia, baba," alisema. "Sikukusudia."

Panga la Baba lilikuwa mkononi. Niliuona msuli wa mkono wake ukipanda na kushuka. Kuku alipita katikati yao akidonoa njahi zilizoanguka, na hakuna aliyemfukuza. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Najua nilijikojolea, na Nkatha aliliona jambo hilo na hajawahi kulisema mpaka leo.

Baba aligeuza uso akanitazama mimi.

"Kendi," alisema, na sauti yake haikuwa ile niliyoijua. "Umekula?"

"Nimekunywa uji," nikasema.

"Uji wa nani?"

"Wetu. Lakini kwa kikombe chao."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeamshwa. Alimtazama tena Kirimi, kisha akageuka akaenda. Nduguze walimfuata mmoja mmoja. Baba mdogo ndiye aliyebaki nyuma. Alitema mate chini, akaenda pia.

Hatukurudi nyumbani, kwa maana Baba alikuwa amesema tusirudi. Wale akina mama wawili walimaliza njahi zote, wakaanza kuzichambua upya kana kwamba mawe yamezaliwa tena. Jua lilipoanza kuteremka alikuja binamu yangu mdogo, akasimama mbali akapaza sauti: "Baba mkubwa anasema ng'ombe hawajakamuliwa!"

Mama aliweka ungo chini. Nadhani hakuna neno la mapenzi aliloambiwa katika maisha yake lililomfurahisha kuliko hilo.

Sitadanganya kwamba kila kitu kilipona. Wazee walikaa wiki tatu, wakakubaliana kwamba miti mitatu iwe yetu na miwili yao, na kila upande ukanung'unika sawasawa. Kirimi alitulimia shamba misimu miwili, kwa kuwa Mwiti hakuweza kushika jembe. Alikuja mapema, akalima, akaondoka, na katika misimu yote miwili Mwiti hakumwitikia salamu hata mara moja. Mama hakumlazimisha. Alisema tu, "Yeye ndiye anayeumwa. Mwacheni."

Mzee Kaberia alimsubiri Mama njiani siku moja tukitoka kuteka maji. Alijikuna kichwa chini ya kofia. "Yule Mungu aliyekukalisha kwangu Jumamosi ile," alisema, "ndiye yule yule wa kelele zenu za Alhamisi?"

"Ndiye yule yule, mzee."

"Basi njooni Alhamisi. Lakini msiimbe sana, ng'ombe wanashtuka."

Walikwenda. Wakaimba polepole. Miaka mitatu baadaye Mzee Kaberia na Kirimi walibatizwa siku moja, na ule wakati wa kupeana amani kanisani ulipofika, kila mtu akimgeukia jirani yake, Mwiti alitoka kwenye benchi la nyuma kabisa. Alitembea mbele huku watu wakinyamaza benchi baada ya benchi. Alimpa Kirimi mkono wa kulia, ule wenye vidole vitatu, na Kirimi aliupokea kwa mikono yake yote miwili na hakuweza kuuachilia.

Mama ametuacha sasa. Mimi naishi mjini, Makutano, ghorofa ya tatu, na kwaya za siku hizi nazisikiliza kwenye simu. Vijana wetu hutumiana amani pia, kwa picha ya njiwa na mikono iliyokunjwa, wakawapelekea watu mia mbili kwa kidole kimoja wakiwa wamelala kitandani. Siwacheki sana. Mwaka jana wapangaji wa mkabala nami, mume na mke, walipigana Jumapili mchana, nami nimetoka kanisani muda ule ule. Nilimsikia mwanamke akipiga kelele. Nilisimama nyuma ya mlango wangu na ufunguo mkononi, kisha nikaenda kuongeza sauti ya redio. Kesho yake alikuwa amehama. Sikuwahi kujua jina lake.

Juzi wameingia wapangaji wengine, nami nikajikaza nikaenda kubisha. Alifungua msichana mwenye nyaya masikioni. Akatoa moja.

"Mathe, kuna shida?"

Nilimwambia hakuna shida, mimi ni jirani yake, nimekuja kumsalimia tu. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri nimwambie ninauza nini.