Kamera ya Macho Mawili

Nimeendesha gari kati ya Lodwar na Kakuma kwa muda mrefu, hata mgongo wangu unaijua ile barabara kuliko ninavyoijua mimi. Mwaka 2012 na 2013 lami ilikuwa imebaki jina tu. Kulikuwa na kipande hapa na kipande kule, na katikati mashimo ya kumeza tairi zima, kwa hiyo madereva tuliiacha tukajichongea njia zetu pembeni, mchangani. Unatoka Lodwar alfajiri, unafika Kakuma jua limeshakasirika, unangoja wakubwa wamalize mikutano yao, halafu unageuza. Kesho yake ni hivyo hivyo. Ukiniuliza nakumbuka nini zaidi katika miaka ile, nitakwambia usingizi. Sisemi wa kulala. Nasema wa kupigana nao.

Madereva wa huko wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote: anayekaa kiti cha mbele hasinzii. Kazi yake ni kuongea na dereva. Aongee lolote, bei ya mbuzi, mahubiri ya Jumapili, visa vya jirani yake, mradi asinyamaze. Kwenye malori, utingo akisinzia mbele anashushwa, anapanda juu ya magunia, na mwingine anaitwa kuchukua nafasi yake.

Watu wa ofisi ya shirika letu hawakuijua sheria hiyo. Walikuja kutoka Nairobi na waya masikioni, na kabla hatujaiacha nyumba ya mwisho ya Lodwar walikuwa wanakoroma. Nani awaamshe? Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, na kwetu sisi madereva maneno hayo yalikuwa kama sehemu ya mkataba wa ajira.

Nilikuwa na mwenzangu, dereva mzaliwa wa Kaikor, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mchanga: wapi unabeba gari na wapi unalimeza. Mwaka 2012, karibu na Lopur, gari lake lilipinduka ndani ya laga, ule mto mkavu unaokata njia. Kiti cha mbele alikuwa ameketi afisa kutoka makao makuu. Hakuna aliyekufa, ila afisa alivunjika mfupa wa bega.

Mwenzangu alieleza kwamba ndama wa ngamia alichomoka ghafla kwenye vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba inayosonga njia, naye akamkwepa. Afisa akaandika kwamba dereva alisinzia. Alijuaje, na yeye mwenyewe aliamshwa na kishindo? Swali hilo tuliulizana sisi kwa sisi kwenye uwanja wa magari, kwa sababu kikao cha kumhoji kilifanywa kwa Kiingereza na sisi hatukuitwa. Kilipokwisha, mwenzangu alitoka ameshika kofia mkononi. Hakuwa na kazi tena.

Kufukuzwa peke yake kungevumilika. Kakuma ilikuwa imejaa mashirika, na kila shirika lilitafuta madereva wanaoujua mchanga. Mwenzangu alienda, akajaribiwa, akafaulu. Kisha wakapiga simu ofisini kwetu kuuliza habari zake, na ofisi yetu ikajibu kwamba huyo husinzia. Ilikuwa hivyo kila alikokwenda. Mwishowe akakaa Lodwar kwa dada yake, akiziba pancha za pikipiki chini ya kivuli cha turubai. Nilipokuwa nikipita pale moyo wangu ulikuwa unauma, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Mwaka uliofuata tulipata mkuu mpya wa ofisi, mama wa makamo kutoka upande wa Nyeri. Tulimwita Madam. Alikuwa mchapakazi, mwenye uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu azaliwe mtoto wake wa kwanza. Nilimwendea mara moja kumwombea mwenzangu neno zuri kwa mashirika mengine. Alinisikiliza amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Mimi sikuwepo," akasema. "Nitasemaje kitu ambacho sikukiona?"

Alikuwa amesema haki, na ile haki ikanichosha kuliko barabara.

Halafu yeye mwenyewe akaleta habari ya kamera. Makao makuu walitaka kila gari lifungwe kamera kwenye kioo cha mbele, ili ajali ikitokea kuwe na shahidi. Akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa wa madereva. Nenda kwa fundi Kakuma, uangalie zilizopo, uniambie tununue ipi. Mimi naona ya jicho moja inatosha. Inaangalia barabara, na tunachotaka ni barabara."

Fundi alikuwa Mkongomani, mkimbizi anayetengeneza simu na redio kambini. Alizipanga mezani juu ya kitambaa safi. Moja ilikuwa na jicho moja la kutazama mbele. Nyingine ilikuwa na mawili, moja likitazama barabara na la pili limegeuzwa ndani ya gari, kuona viti vya mbele. Ya tatu nayo ilikuwa na mawili, ila la pili lilibandikwa kioo cha nyuma. Ile aliisukuma pembeni kabla sijaigusa.

"Papa, hii ya nyuma itakuonyesha nini huku? Mavumbi yako mwenyewe tu."

Ikabaki kuchagua kati ya jicho moja na macho mawili. Madereva wenzangu hawakuwa na haja ya kufikiri. Walitaka jicho moja. Macho hayana pazia, wakaniambia, na hilo la ndani litakuona ukitafuna, ukijikuna, ukimpa lifti mama mwenye mtoto mgongoni. Mmoja aliniuliza kama nimechoka kula ugali wangu kwa amani hata nijiletee askari ndani ya gari. Yote waliyosema yalikuwa kweli.

Lakini mimi nilimfikiria yule ndama. Jicho la mbele linaona kilicho mbele. Mnyama wa Turkana haji kutoka mbele, anachomoka ubavuni, na ukishamkwepa amesharudi vichakani. Kamera ya jicho moja ingeonyesha nini siku ile? Gari likiyumba, basi. Na gari linaloyumba bila sababu inayoonekana ni gari la dereva aliyesinzia. Jicho la ndani ndilo lingeonyesha dereva yuko macho na afisa amelala. Nikachagua macho mawili. Madam aliinua nyusi, akatia sahihi. Wenzangu walininunia, wakawa wanakunywa chai bila kuniita.

Kamera yenyewe ilitusumbua. Kile kisahani cha mpira cha kuishikilia kilishindwa na joto la Lodwar, na wiki ile ile kamera ikamwangukia mhasibu mapajani. Fundi akaifunga upya kwa waya na gundi nyeusi, akaniambia sasa kioo kitatoka kwanza.

Siku moja nilikuwa nampeleka Madam Kakuma. Alikuwa ametoka kuugua malaria, na alilala kabla hajamaliza kufunga mkanda. Mimi nami nilikuwa nimerudi jana yake jioni kutoka safari nyingine. Tulipofika katikati ya njia, kope zangu zikawa nzito. Nilijimwagia maji kichwani. Nilijifinya paja. Niliimba nyimbo za kwaya mpaka nikasahau maneno. Mwisho nikaanza kuongea na Madam, akiwa amelala hivyo hivyo. Nilimsimulia habari yote ya mwenzangu, ndama, laga, kikao, pancha, nikimwuliza maswali na kujijibu mwenyewe. Iliniamsha. Hasira nayo ni kahawa.

Tukiingia Kakuma pikipiki ilitoka upande usio wake, ikatukwaruza ubavuni. Mwendeshaji hakuumia, lakini alikuja hadi ofisi tuliyofikia pale Kakuma akidai ni sisi tuliomfuata upande wake. Madam akaniita, akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta.

Jicho la mbele lilimaliza kesi mara moja. Pikipiki ilionekana wazi ikija upande wetu. Kijana aliangalia, akavaa kofia yake, akaondoka. Lakini picha za macho yote mawili zilikuwa zinakwenda pamoja, moja juu na nyingine chini, na Madam alikuwa bado anaangalia ile ya chini. Alikuwa anajiangalia mwenyewe, mdomo wazi, kichwa kikigonga kioo kila tulipoingia shimoni. Nami pembeni yake nimelowa maji, midomo inacheza.

Nilitaka kutoka. Akaniashiria nibaki, akairudisha picha nyuma, akaongeza sauti. Sauti yangu ikasikika chini ya mngurumo wa injini: Madam, yule mtu hakusinzia. Aliyesinzia ni yule aliyeandika.

"Ulikuwa unaongea na nani?" akauliza.

"Na wewe, Madam."

"Mimi nimelala."

"Ndiyo. Ukiwa macho ni vigumu zaidi."

Aliendelea kuangalia. Mahali fulani kope zangu zilishuka, zikakaa chini kidogo, zikainuka. Akaisimamisha picha hapo hapo.

"Hapa umefumba macho."

"Nimefumba," nikasema. Nilikuwa nimechoka mno kutafuta uongo. Nikamweleza ile sheria ya kiti cha mbele. Akaniuliza nani anaijua. Nikamjibu kila mtu anaijua isipokuwa watu wa ofisi.

Nilingoja barua ya onyo wiki nzima. Haikuja. Kilichokuja ni safari nyingine ya Kakuma, na Madam aliingia kiti cha mbele na chupa ya chai. Hakujua kupiga soga, maskini. Alinieleza habari za mashamba ya chai ya mama yake kama mtu anayesoma taarifa ya mwaka. Lakini aliongea. Kila koo lilipokauka alikunywa, akanimiminia na mimi, akaendelea.

Tulipokaribia Lopur nilipunguza mwendo kuingia lagani.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapa."

Alitazama vichaka vya mathenge upande wa kushoto. Vilikuwa vimesongamana mpaka ukingoni mwa njia. Ngamia mzima angesimama mle na usimwone.

"Niambie tena yale uliyoniambia," akasema. "Leo sijalala."

Nikamwambia, polepole, bila hasira safari hii. Mtandao uliporudi alitoa simu, akapigia shirika moja lililokuwa linatafuta dereva, akataja jina la mwenzangu. Nikamsikia akisema, "Hapana, mimi sikuwepo. Lakini na aliyeandika hakuona, alikuwa usingizini. Najua watu wetu wanavyolala kwenye hilo gari. Nimejiona."

Kesho yake Lodwar nilimkuta mwenzangu amechuchumaa, ametumbukiza mpira wa tairi kwenye karai la maji, anatafuta mapovu.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok-noi."

Nikampa habari ya Madam, simu yake na kamera yetu. Wale watu wa Kakuma wanamwita Jumatatu. Alipata tundu lake, akaliwekea kidole, akakausha mpira kwa shati.

"Hiyo gari yao iko na kamera?"

"Iko."

"Macho ngapi?"

"Moja. Inaangalia barabara."

Akatikisa kichwa, akachukua kipande cha kiraka.

"Basi ambia huyo mama apige simu ingine," akasema. "Mimi nataka ile ya mbili."